Wale Thelathini na Sita

"Tatu," alisema Orlin Skaar.

Bi. Pa Nhia Xiong, afisa wa probesheni wa kaunti, alisimamisha kalamu. Lilikuwa swali la mwisho kasoro moja: kwa kipimo cha sifuri mpaka kumi, una hakika kiasi gani kwamba hutaendesha tena gari ukiwa umelewa? Wanaume wengi wanaokalia kiti kile husema kumi kabla swali halijaisha. Wengine husema kumi na moja.

"Tatu, Bwana Skaar?"

"Labda tatu na nusu." Orlin aliigeuzageuza kofia yake magotini. "Sipendi kujidai."

Kwetu huku magharibi mwa Wisconsin mtu hajisifu. Ng'ombe wako akiwa wa kwanza kwenye maonyesho ya jimbo zima, unasema si mbaya sana. Ukipasuliwa moyo ukapona, unasema ingeweza kuwa mbaya zaidi. Mkulima huyu wa miaka hamsini na tatu, aliyekamatwa mara ya nne akiendesha huku amelewa, alikuwa na siku arobaini na moja bila kuonja hata tone, jambo ambalo hajawahi kuliweza tangu ujana. Aliulizwa kama ana hakika, akajibu kwa adabu aliyolelewa nayo. Karatasi haikuijua adabu hiyo. Ilipokea tatu yake na kumwongezea alama za hatari.

Mkewe Marcella aliitwa ndani kutoka ukumbini, ambako alikaa na koti lake zito mwilini muda wote kana kwamba anapita tu. Bi. Xiong alimgeuzia karatasi aione. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, binti wa watu wa kabila la Wahmong waliokuja mji wa jirani kama wakimbizi, na alikuwa na sauti ya upole ambayo watu walidhani ni udhaifu mpaka walipojaribu kumdanganya.

"Ishirini na saba kati ya thelathini na nne," alisema. "Ikivuka ishirini na tano, ofisi yetu humshauri jaji ampeleke mtu gerezani. Kwa kosa la nne, kwa kawaida ni miaka mitatu."

"Na ng'ombe?" aliuliza Marcella. Walikuwa nao sitini na wawili, wanaokamuliwa alfajiri na jioni, na watu wa kuwakamua walikuwa wawili tu, yeye na Orlin.

"Karatasi haiulizi habari za ng'ombe, mama."

Marcella aliivuta karatasi. Hakuwa mtu wa kuogopa karatasi, alikuwa akijaza fomu za shamba miaka ishirini na minane, lakini hii ilimtisha. Swali la kumi na tisa lilisema: je, umewahi kuficha kinywaji mahali pa kazi? Mumewe alikuwa amejibu ndiyo.

"Wapi?" alimgeukia.

"Kwenye pipa la maziwa ya unga ya ndama."

"Pipa ninalochota mimi kila siku?"

"Chini kabisa," alisema Orlin kwa unyonge. "Wewe huwa hufiki chini."

Marcella alilisoma tena swali lile. Watu wa mji mkuu wa jimbo, ambao hawajawahi kukanyaga zizi lake, walikuwa wameuliza habari za pipa lake na kupata jibu ambalo yeye hakulipata kwa miaka ishirini na minane.

"Hii ilitungwaje?" aliuliza.

"Waliwafuatilia watu elfu tisa walioendesha wakiwa wamelewa, miaka mitatu kila mmoja. Waliandika kila kitu, kisha wakatazama ni mambo gani yaliwatangulia walioanguka." Bi. Xiong alifungua jedwali lenye safu za namba. "Kati ya watu mia wenye ishirini na saba kama mumeo, sitini na wanne walikamatwa tena."

"Na wale thelathini na sita?"

Bi. Xiong aliinua macho. Miaka saba alikuwa akiwaonyesha watu jedwali lile, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Waliulizia sitini na wanne tu, wakibisha au wakilia.

"Hawakukamatwa tena."

"Najua. Nauliza ni akina nani? Walifanya nini?"

"Karatasi haijui," alisema Bi. Xiong taratibu. "Inajua idadi yao tu."

Kisha akaonyesha kwa ncha ya kalamu swali la ishirini na saba: watu wako wa karibu wasiokunywa pombe ni wangapi? Orlin alikuwa amejibu sifuri, na sifuri hiyo ilibeba alama tatu nzima. Kama wangepatikana watatu wasiokunywa, walio tayari kusimama na mtu huyu kwa jina na sahihi kipindi chote cha kifungo cha nje, alama zingeshuka hadi ishirini na nne. Hapo angeweza kumshauri jaji amwache nyumbani.

"Kesi ni Jumatano ijayo, saa nne asubuhi," alisema. "Ripoti yangu inatoka Jumatatu. Nileteeni watatu."

*

Gari lao lilikuwa na kile kifaa cha kupulizia, kinachopima pombe kwenye pumzi ya dereva, tangu kosa la tatu. Lile la nne Orlin alilifanya na gari kuukuu la mama yake, ambalo halikuwa na kifaa. Kifaa hakikujali mkosaji ni nani. Marcella, ambaye divai pekee aliyoijua ni ile ya meza ya Bwana, alilazimika kuinama juu ya mrija na kupuliza kwa nguvu mpaka mlio usikike, ndipo gari liwake. Wakiwa njiani kilimdai tena. Jumapili nje ya kanisa la Kilutheri watu walipokuwa wakiagana, alipuliza huku majirani wakiigeukia theluji na kuusifu weupe wake.

Siku hiyo alipuliza mbele ya ofisi ya kaunti, na mwanamke aliyekuwa akipita na mbwa akavuka barabara.

"Tatu, Orlin?" alisema walipofika barabara kuu.

"Nilitaka kusema mbili."

"Mbili!"

"Nikaona nitakuharibia siku."

Marcella alitaka kucheka na alitaka kumpiga kofi, akashindwa kuchagua. Kifaa kikalia. Akapuliza huku akiendesha, machozi yakimtoka.

*

Mezani kulikuwa na viazi, nyama ya kusaga na mama yake Orlin, Inga, mwenye miaka themanini na mbili, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kwa mambo asiyotakiwa kuyasikia.

"Andikeni mimi," alisema. "Mimi sinywi."

"Mama, na ile brandi ya usiku?"

"Ile ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya usiku."

Marcella alikuwa na kalamu na upande wa nyuma wa bahasha. Walimtaja mchungaji, lakini mchungaji alikuwa na mwaka mmoja tu pale, na hakuwa mtu wa karibu. Walimtaja kaka yake Marcella, wote watatu wakatikisa vichwa kwa pamoja. Walipita barabara nzima, shamba baada ya shamba, jinsi mtu anavyopita zizini kutafuta ng'ombe mgonjwa, na kila nyumba ilikuwa na friji gerejini lililojaa bia.

"Gaylen Kvale je?" alisema Marcella.

Orlin alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Gaylen alikuwa dereva wa lori la tangi lililokuja kuchukua maziwa yao kila baada ya siku moja, na rafiki yake tangu shule. "Gaylen? Yule ananizidi! Kila Ijumaa baa kwa Pavlicek tunakwenda sambamba, glasi kwa glasi. Tofauti ni kwamba yeye akishuka kwenye kiti ananyooka kama mlingoti. Ana kichwa kigumu, Mungu kamjalia."

"Basi mwanangu ndiye aliyenyimwa," alisema Inga, na uma wake ukasimama hewani, kwa maana alikuwa amemtania mtoto wake na utani ukageuka ukweli mdomoni. Alinyoosha mkono akamsogezea Orlin viazi.

Bahasha ilibaki tupu.

*

Ijumaa za Kwaresima mji wetu wote, Walutheri kwa Wakatoliki, hula samaki wa kukaanga kwa Bernadette Pavlicek. Ni baa, ndiyo, lakini ndipo matanga yanapomalizikia, ndipo timu ya shule inapopongezwa, ndipo watu wanaponunua tiketi za bahati nasibu ambayo zawadi yake ni nyama ili paa la kanisa litengenezwe. Orlin alikatazwa na mahakama kuingia popote panapouzwa pombe. Kwa watu wa mji mkuu wa jimbo, huo ulikuwa usiku mmoja tu wa juma. Kwa Orlin ulikuwa mji mzima kufungiwa mlango.

Marcella alikwenda peke yake kuchukua samaki wa kubeba. Alipoingia, makelele yalishuka, kisha yakapanda kwa haraka kuliko ilivyokuwa lazima. Mtu mmoja alimuuliza kama barabara zinateleza. Mwingine akamuuliza hilohilo. Alikwenda hadi mwisho wa kaunta, pale Bernadette alipokuwa akitengeneza vinywaji, brandi, sukari, kipande cha chungwa, cheri, soda, kijiti cha kukorogea, kwa mikono iliyofanya kazi hiyo miaka thelathini bila kuitazama.

"Hali yenu?" aliuliza Bernadette.

"Si mbaya sana," alisema Marcella, halafu adabu ikamwishia ghafla. "Bernadette, wanampeleka gerezani. Wanataka watu watatu wasiokunywa walio karibu naye, na mimi sijui hata mmoja. Mji wenye watu mia nane! Hivi kweli hakuna hata mmoja?"

Bernadette aliendelea kukoroga. Alikuwa mwanamke mnene, mkali, aliyewahi kumtoa nje diwani kwa kumshika sikio. Alitengeneza glasi mbili akaziweka mbele ya Marcella. Zote zilikuwa na chungwa, zote na cheri, zote rangi ya asali iliyokolea.

"Kuna tofauti gani?" aliuliza Bernadette.

"Hakuna."

"Tazama vijiti."

Kimoja kilikuwa chekundu, kingine kijani.

"Nachanganya vinywaji mia mbili kwa usiku," alisema Bernadette kwa sauti ya chini. "Lazima mwenyewe nijue: nyekundu ni brandi, kijani ni maji ya sukari iliyounguzwa. Nikikosea, naua mtu." Alifuta kaunta mahali palipokuwa pakavu. "Mimi sijamtaja mtu. Nimekwambia habari za vijiti vyangu tu."

Akaondoka na sinia.

Marcella aligeuka taratibu. Alikuwa ameviona vijiti vile maisha yake yote ya ndoa na kudhani ni mapambo. Sasa aliangalia meza ya kwanza, nyekundu, nyekundu, nyekundu, kijani. Meza ya pili hakuna. Kwenye mchezo wa vishale, kijani. Karibu na dirisha, mbele ya Ardis Lund, mama wa miaka sabini anayepiga kinanda kanisani, mwenye sketi ya sufu na mdomo uliobana, kijani. Alihesabu hadi kumi na moja, akapotea, akaanza upya, akapata kumi na moja tena. Walikuwa wakila samaki. Walikuwa wakicheka, wakipigana mabega, wakigonganisha glasi na wenye vijiti vyekundu, na hakuna aliyejua, hata wake zao wengine hawakujua. Walikuwa wamekuja kuketi hapahapa kwenye chanzo cha balaa lao, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa sababu mji wetu hauna pengine pa kuketi, na kila Ijumaa walikuwa wameshinda bila mtu kuwapigia makofi.

Alihisi alichohisi usiku alipojifungua, kwamba yuko mbele ya jambo kubwa kuliko yeye na hana neno la kulisema. Hawa ndio karatasi haikuwajua.

Na pale kwenye kiti cha tatu, akipekua kabichi kwa uma, alikuwa Gaylen Kvale na kijiti cha kijani.

"Gaylen," alisema akiwa karibu naye. "Nahitaji watu watatu."

Gaylen alitazama uso wake, akatazama mahali macho yake yalipotua, akaifunika glasi kwa kiganja kama mtu aliyekutwa uchi.

"Sijui unachosema, Marcella."

"Kusimama naye tu. Kuweka sahihi."

"Naendesha lori la tani thelathini," alinong'ona. "Kampuni haijui. Watoto wangu hawajui. Nilikamatwa kule Minnesota, mbali, nikashukuru Mungu kwamba ni mbali. Usiniombe hilo, shemeji. Afadhali uniombe figo."

Akaacha samaki wake nusu, akavaa koti akatoka.

Marcella hakuwa na ujasiri wa kumfuata mwingine. Mtu hawezi kwenda meza kwa meza akiwafunua watu. Lakini samaki wake walipoletwa katika mfuko, alisema kwa Bernadette, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, huku macho yake yakiitazama mashine ya kuhesabia fedha:

"Kesi ya Orlin ni Jumatano saa nne. Kama kuna anayekunywa maji tu, pale mahakamani kuna nafasi ya kuketi."

Kisha akatoka, akaingia kwenye gari, akapuliza.

*

Jumatatu jioni Bi. Xiong alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

"Hakuna aliyekuja, mama. Nimengoja mpaka ofisi imefungwa."

"Najua wapo," alisema Marcella. "Nimewaona kwa macho yangu. Kumi na mmoja!"

"Ningependa kuamini."

"Wewe huamini?"

"Baba yangu alikuwa na alama thelathini," alisema Bi. Xiong. "Nilimpigia hesabu mwenyewe, kwa siri, mwaka niliopata kazi. Akafanya kama karatasi ilivyosema. Kwa hiyo naiamini karatasi, mama. Lakini usiku wa siku ile ulipouliza swali lako, sikulala."

Kwenye ripoti aliandika ishirini na saba. Orlin aliposikia alisema kwamba ingeweza kuwa mbaya zaidi, akaenda zizini, akakaa huko muda mrefu kupita kawaida. Marcella alimfuata, akamkuta ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe mmoja, mikono ikining'inia.

"Nililichimba lile pipa," alisema bila kugeuka. "Chini kabisa. Ilikuwepo chupa moja bado, nimeimwaga. Siku ya arobaini na tano leo. Sikutaka kusema, isije ikaonekana najisifu."

*

Jumatano mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikinyesha. Askari wa mahakama, mzee Milo Fencl, aliwafungulia mlango kwa heshima ileile aliyowapa wezi na mawakili. Alikuwa ameusimamia mlango ule miaka mingi, tumbo mbele na funguo kiunoni, na kila mtu alimwona jinsi anavyouona mlango wenyewe. Madawati yalikuwa matupu. Inga aliketi mbele amevaa kofia ya Pasaka. Marcella aligeuka nyuma mara nne.

Mara ya tano aliingia Gaylen Kvale na sare ya kazi, viatu vikidondosha maji, akaketi mwisho kabisa bila kumsalimu mtu. Baada yake, Ardis Lund na sketi yake ya sufu. Marcella alingoja wengine. Mlango ulibaki umefungwa.

Mwendesha mashtaka aliomba miaka mitatu gerezani. Hakuwa mkali, alisoma tu. Jaji, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, alifungua ripoti ya Bi. Xiong na kuipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Bwana Skaar, una la kusema?"

Orlin alisimama. "Hapana, mheshimiwa. Karatasi iko sawa."

"Haiko sawa," ilisema sauti ya nyuma.

Gaylen alikuwa amesimama. Alionekana kutaka kuketi tena.

"Wewe ni nani?"

"Gaylen Kvale, mheshimiwa. Nachukua maziwa yao. Kwenye karatasi, pale wanapouliza watu wasiokunywa, kumeandikwa sifuri. Sasa hilo ni kosa. Kwa sababu mimi sinywi. Miaka kumi na moja."

Orlin aligeuka mzimamzima. "Muongo wewe! Nimekununulia mimi mwenyewe!"

"Soda, Orlin."

"Kila Ijumaa!"

"Kila Ijumaa soda."

"Kwa bei ya brandi?"

Mwendesha mashtaka aliuma mdomo. Jaji aligonga meza, lakini pole. Orlin alikuwa ameduwaa, mdomo wazi. Akili yake ilikuwa ikirudi nyuma Ijumaa moja baada ya nyingine, miaka kumi na moja, na katika kila moja alimwona rafiki yake ameketi palepale kando yake, mzima, akimsubiri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza," alisema Gaylen. "Na mimi sikujua nianzeje."

Ardis Lund alisimama bila kuitwa. "Miaka ishirini na sita," alisema kwa ukali, kama anayemkemea mwanakwaya. "Nilikuwa nikiiweka chupa ndani ya kinanda. Mchungaji hajui. Leo atajua. Nipeni hiyo karatasi nitie sahihi, nina mazishi saa saba."

Inga alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akimwangalia mwanamke aliyeimba naye miaka arobaini kana kwamba amefufuka.

Jaji alivua miwani. "Bi. Xiong, hawa ni wawili. Hesabu yako inasemaje?"

Bi. Xiong alisimama. "Swali linataka watatu, mheshimiwa. Wawili hawabadilishi kitu. Inabaki ishirini na saba."

"Na wangekuwa watatu?"

"Ishirini na nne. Hata hapo, kati ya mia kama yeye, hamsini na watano huanguka. Sitaki kuidanganya mahakama. Lakini karatasi haisemi kama yeye ni mmoja wao. Haijawahi kusema hivyo kwa mtu yeyote. Sisi ndio tunaoisikia hivyo."

Jaji alitazama madawati. "Kuna mwingine?"

Saa ya ukutani ilisikika. Marcella aliyafumba macho na kuomba, si kwa maneno, kwa kushikilia tu ukingo wa dawati. Dakika ikapita. Jaji akavaa tena miwani na kuchukua kalamu.

Ndipo funguo ziliposikika zikigongana.

Milo Fencl alikuwa ameuacha mlango. Alitembea katikati ya ukumbi bila haraka, tumbo mbele, akapita dawati baada ya dawati, akafika mahali walipokuwa wamesimama Gaylen na Ardis, akageuka na kusimama kando yao. Akavua kofia ya kazi.

"Bwana Fencl," alisema jaji. "Rudi mlangoni."

"Nitarudi, mheshimiwa. Kwanza nisimame hapa."

Ilichukua muda mpaka jaji akaelewa. Alikuwa amefanya kazi na mtu huyu miaka kumi na minne, ametembelewa naye hospitalini, amekula keki za mkewe. Uso wake ulibadilika, na aliposema tena alisahau vyeo.

"Miaka mingapi, Milo?"

"Itakuwa kumi na tisa mwezi wa tano. Simjui sana huyu bwana, zaidi ya kumfungulia mlango mara nne. Lakini shamba lake liko njiani nikienda nyumbani. Naweza kupita kila siku."

Bi. Xiong alichukua ripoti, akakata namba moja kwa kalamu, akaandika nyingine juu yake. Ardis Lund alikuwa wa kwanza kutia sahihi.

Jaji alitoa hukumu bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Miaka mitatu kifungo cha nje, chini ya uangalizi wa Bi. Xiong na wale watatu. Kabla yake, miezi sita jela ya kaunti, akitolewa kila siku alfajiri na jioni kwenda kukamua na kurudi, mkewe akimpeleka kwa gari. Akikutwa na tone moja, gerezani miaka yote mitatu, na hapo hakuna atakayesimama kumtetea. Miezi hiyo sita ilianza saa ileile.

Kazi ya kumshusha mfungwa ilikuwa ya askari wa mahakama. Milo Fencl alivaa kofia, akachukua pingu kiunoni, akazitazama, akazirudisha. Alimshika Orlin mkono juu ya kiwiko wakaanza kushuka ngazi za kwenda jela iliyo chini. Marcella aliwafuata hadi mahali anaporuhusiwa mke kufika.

"Bwana Fencl," alimsikia mumewe akiuliza, "karatasi ilikupa ngapi wewe?"

"Wakati wangu hakukuwa na karatasi," alisema Milo. "Aliyekuwa akikadiria ni mke wangu. Alisema ni mia kwa mia, nitarudia."

"Akakosea."

"Mpaka leo hajanisamehe."

Wakakata kona. Kutoka chini, kwenye ukumbi wa saruji wenye mwangwi, Marcella alimsikia Orlin akicheka, kicheko kizima, cha mtu asiye na kilevi chochote mwilini, kicheko ambacho yeye hakuwahi kukisikia katika miaka yote ishirini na minane. Aliketi palepale juu ya ngazi na koti lake zito, akalia kwa sauti, na Bi. Xiong akaja akaketi kando yake.